Simu Yako na Mimba Yako: Mwongozo Kamili kwa Mama Mjamzito Nairobi

Mimba yangu ya kwanza niliipakulia programu siku ileile niliyopima mkojo. Iliniuliza tarehe, nami nikaandika ya siku hiyo, nikidhani ndiyo inayotakiwa. Kumbe ilikuwa inauliza siku ya kwanza ya hedhi yangu ya mwisho. Basi kwa miezi mitatu simu ikawa nyuma ya tumbo kwa wiki sita. Kila ujumbe ulinifikia ukiwa umepitwa na wakati, na kliniki ya kwanza nikaenda tumbo limeshachomoza. Nesi alifungua kitabu changu, akahesabu kwa vidole, akaniuliza, "Mama, umekuwa wapi siku hizi zote?"

Leo nina watoto wawili, na katika chama chetu cha akina mama hapa mtaa wa Umoja mimi ndiye huitwa mtu akipata mimba na hajui simu itamsaidia vipi. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia tukiwa tumekaa sebuleni. Kipimo changu ni kimoja: simu inamfaa mjamzito inapomfikisha kwa mtu, yaani nesi, mkunga, mhudumu wa afya ya jamii, mume au dada. Ikimkalisha chumbani akisoma peke yake huku kichwa kinamgonga na miguu imevimba, inamchelewesha.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe kabla hujapakua chochote

Kumbuka siku ya kwanza damu ilipotoka katika hedhi yako ya mwisho. Ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu, kisha ongeza mwaka mmoja, hapo utapata tarehe ya kukadiria kujifungua. Mama ambaye hedhi yake ilianza tarehe 10 Januari anatarajia mtoto karibu na tarehe 17 Oktoba. Hesabu hii huchukua mimba kuwa ya siku 280, na inamfaa zaidi mwenye hedhi ya kila siku 28. Kama yako huruka miezi, au ulishika mimba ukiwa bado kwenye sindano ya kupanga uzazi, usiitegemee. Omba skani ya tumbo (ultrasound). Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate skani moja kabla ya wiki ya 24, na kadiri inavyofanywa mapema ndivyo tarehe inavyokuwa ya kuaminika.

Ukishapewa tarehe na kliniki, rudi kwenye simu uibadilishe. Wengi hawafanyi hivyo. Programu inabaki na tarehe ya kubahatisha, kitabu cha kliniki kina yake, na mama anaishi na mimba mbili. Tarehe ya kitabu ndiyo inayofuatwa.

Hatua ya 2: Chagua njia inayolingana na simu uliyo nayo

Mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, asijione ameachwa. Hapa Kenya huduma ya ujumbe mfupi ya PROMPTS, inayoendeshwa na shirika la Jacaranda Health, huwatumia wajawazito na waliojifungua ujumbe wa bure, kwa Kiswahili au Kiingereza, na mama anaweza kuuliza swali akajibiwa. Kwa kawaida unaandikishwa hospitalini, kwa hiyo siku ya kliniki ya kwanza muulize nesi kama kituo hicho kinaandikisha. Afrika Kusini nao wana mpango wa namna hii tangu mwaka 2014, unaoitwa MomConnect, unaoendeshwa na serikali yenyewe. Ujumbe mfupi hauhitaji bando, unafika hata simu ikiwa na kioo kilichopasuka, na unabaki humo hadi utakapoufungua.

Mwenye simu janja ana uwanja mpana zaidi, na mitego mingi zaidi. Kabla ya kuiamini programu yoyote, ijaribu kwa swali moja. Andika kwenye sehemu yake ya kutafuta au kuuliza: "Natokwa na damu." Kisha tazama jibu. Programu nzuri inakuambia uende hospitali sasa hivi, na inasema hivyo katika mstari wa kwanza. Ikikuletea makala ndefu yenye tangazo la nepi katikati, ifute. Mama mwenzangu mmoja alijaribu tano jioni moja tukiwa pamoja, na ni mbili tu zilizofaulu.

Kisha angalia inakuomba ruhusa gani. Programu ya kuhesabu wiki za mimba haina kazi na orodha ya watu wako wa simu, wala haihitaji kujua uliko saa nane usiku. Kataa ruhusa hizo. Ikigoma kufunguka bila hizo, umeshapata jibu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwa vipi, na haki ya kuomba zifutwe. Habari za mimba ni habari za afya, na sheria hiyo inazihesabu kuwa nyeti.

Kuhusu makundi ya WhatsApp na video fupi za TikTok, nina maneno machache. Kundi zuri ni lile lenye mkunga au nesi anayejulikana, na wanawake wanaotumwa hospitalini haraka badala ya kufarijiwa tu. Video ya mtu anayeuza unga wa mitishamba wa "kusafisha mtoto" au "kufungua njia" ipite, hata akiwa amevaa koti jeupe. Usinywe kitu ambacho huwezi kumtajia nesi wako ana kwa ana. Na dawa za maumivu kama Brufen na Diclofenac, ambazo maduka mengi ya dawa huuza bila kuuliza, usizinunue kwa ushauri wa kundi. Zinaweza kumdhuru mtoto, hasa baada ya wiki ya 20.

Hatua ya 3: Ingiza kliniki zote kwenye kalenda siku moja

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara nane: ya kwanza kabla ya wiki 12 kuisha, halafu wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kaa chini na kalenda ya simu, uzihesabu zote kuanzia tarehe yako. Kliniki ikikupangia siku nyingine, fuata ya kliniki, lakini pale itakaposahau kukupangia utakuwa na pa kuanzia.

Kila siku ya kliniki iwekee alamu mbili. Ya kwanza ilie wiki moja kabla, na uiandike jina hili: "Weka nauli ya kliniki." Ya pili ilie jioni ya kuamkia siku yenyewe: "Kitabu, kitambulisho, mkojo wa asubuhi, maswali." Alamu isiyo na maneno unaizima ukiwa nusu usingizini, yenye maneno inakuamsha na kazi mkononi.

Sasa maswali. Fungua ujumbe mpya usio na mtu wa kumtumia, au ukurasa wa kuandikia kumbukumbu, na kila jambo linapokusumbua liandike hapohapo: "Nikiamka naona nyota." "Mkojo unauma." "Naruhusiwa kubeba mtungi?" Hospitali za Pumwani, Mama Lucy, Mbagathi, kote foleni ni ndefu na dakika zako na nesi ni chache. Ukiingia na maswali matatu yaliyoandikwa unatoka na majibu matatu. Ukiingia na kumbukumbu ya kichwa unakumbuka swali lako ukiwa tayari ndani ya matatu.

Ukitoka, piga picha ukurasa uliojazwa siku hiyo: presha, uzito, kiwango cha damu, kundi la damu. Kitabu cha kliniki kinaweza kulowa, kuibwa pamoja na mkoba, au kubaki nyumbani siku uchungu unapokukamata ukiwa sokoni Gikomba. Picha hizo ziweke kwenye folda yenye nywila, kwa sababu kurasa nyingine zina majibu ya vipimo ambavyo ni siri yako. Mtumie nakala mtu mmoja tu unayemwamini.

Siku hiyohiyo ya kupanga kalenda, maliza na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, kuanzia Oktoba 2024. Kujiandikisha unabonyeza *147# hata kwenye kabambe. Kuandikishwa peke yake hakutoshi kwa kujifungulia hospitalini, michango nayo lazima iwe imelipwa, kwa hiyo uliza hospitali utakayojifungulia mapema, usingoje mwezi wa tisa wa mimba.

Hatua ya 4: Chakula, kwa picha za sahani zako

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo programu nyingi zinapotushinda. Zimetengenezwa kwa watu wanaokula vyakula vingine. Ukiandika "managu" hazijui. Ukiandika "githeri" zinakuletea supu ya Mexico. Mama anaishia kuandika alichokiona kwenye orodha badala ya alichokula, na hesabu yote inakuwa uongo.

Acha kuhesabu kalori. Kwa siku saba, piga picha kila unachokula, pamoja na chapo ya kibandani na smokie ya njiani, bila kupanga sahani ipendeze. Jumapili jioni zifungue zote. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lina kipimo rahisi kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa: vyakula vinagawanywa makundi kumi, na mwanamke alenge kula angalau makundi matano kwa siku. Makundi yenyewe kwa lugha ya soko letu ni wanga, kama ugali, wali, viazi na ndizi mbichi. Maharagwe, ndengu, kunde na kamande. Njugu na mbegu. Maziwa na mala. Nyama, kuku na samaki, omena akiwamo. Mayai. Mboga za majani ya kijani kibichi, kama sukuma wiki, terere, managu na saga. Matunda na mboga za rangi ya machungwa ndani, kama karoti, malenge, embe bivu na papai. Mboga nyingine, kama kabeji. Na matunda mengine, kama chungwa, parachichi na ndizi mbivu.

Tuchukue siku ya dada mmoja wa chama chetu, picha zake tuliziangalia pamoja. Asubuhi chai ya maziwa na mandazi mawili. Mchana ugali na sukuma. Jioni ugali tena, na sukuma ileile iliyopashwa moto. Hesabu: wanga, maziwa, mboga za majani. Matatu. Nyanya na kitunguu cha kukaangia ni kidogo mno kuhesabiwa. Hakuwa na pesa za nyama ya kila siku, na hakuna aliyemwambia anunue nyama. Aliongeza kikombe cha ndengu mchana, akanunua chungwa kwa mama mboga wa mlangoni, na siku nyingine akaweka kifuko cha omena badala ya ndengu. Akafika matano. Wiki iliyofuata picha zake zilikuwa na rangi, ukizitazama tu unaona.

Ukinunua unga wa mahindi wa paketi, tafuta alama ya kuongezewa virutubishi. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaosagwa viwandani uongezewe madini na vitamini. Unga wa posho mill unashibisha, ila hauna nyongeza hiyo.

Chai ni jambo la kuzungumzia wazi, maana Nairobi hatuinywi, tunaishi nayo. Majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye chakula na kwenye vidonge. Hulazimiki kuiacha. Inywe saa moja hivi mbali na mlo mkuu, na usiitumie kumezea vidonge vya damu.

Vidonge hivyo, vya chuma na foliki, hutolewa kliniki, na kipimo kinachotumika hapa ni miligramu 60 za chuma na miligramu 0.4 za foliki, kimoja kwa siku. Weka alamu ya kila siku kwa saa ambayo huwa uko nyumbani, na uiandike: "Kidonge cha damu, kwa maji, si chai." Mimi niliiweka saa tatu usiku, kwa sababu asubuhi vilinitia kichefuchefu. Choo kitakuwa cheusi, hiyo ni kawaida. Ukifunga choo, ongeza maji, matunda na mboga, na umwambie nesi. Usiache kimyakimya.

Halafu kuna odowa, yale mawe laini yanayouzwa Muthurwa na vibandani mitaani. Hamu yake ni ya kweli, na mara nyingi huja pamoja na damu kupungua. Sitamkemea mtu. Lakini udongo unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi, na unazuia chuma kufyonzwa, hivyo unazidisha lile lile lililoleta hamu. Andika kwenye ile orodha ya maswali: "Natamani mawe," umwonyeshe nesi, upimwe damu.

Hatua ya 5: Kutembea, na hesabu ya hatua

Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito asiye na tatizo afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Hizo ni nusu saa mara tano. Simu janja nyingi zinaweza kuhesabu hatua zenyewe zikiwa mfukoni, na kwa Nairobi mfukoni ndiko kwake: hakuna haja ya kutembea na simu mkononi barabara ya Jogoo. Shuka stage moja kabla ya yenu wakati kuna mwanga na watu wengi. Jumamosi, kama nauli ipo, Karura au Arboretum kuna hewa na vivuli. Kama haipo, kuzunguka estate mara nne na jirani yako kunatosha.

Puuza lile lengo la hatua 10,000 linalowekwa na programu nyingi. Anza na hesabu ya wiki yako ya kawaida, uongeze kidogokidogo. Kasi nzuri ni ile unayoweza kuzungumza nayo lakini huwezi kuimba. Ukisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua, tumbo kukaza kila mara, au ukaona damu au maji, simama na uende hospitali. Na kama kliniki imekuambia kondo la nyuma liko chini, au una presha, uliza kwanza.

Hatua ya 6: Uzito na presha

Pima uzito kwa mizani ileile, mara moja kwa mwezi, uandike. Mwongozo unaotumika sana, uliotolewa Marekani mwaka 2009, unasema mwenye uzito wa kawaida kabla ya mimba huongezeka kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba yote. Aliyekuwa mwembamba sana, kilo 12.5 hadi 18. Aliyekuwa mnene kiasi, kilo 7 hadi 11.5, na aliyekuwa mnene sana, kilo 5 hadi 9. Mwulize nesi uko kundi gani, kwa sababu ule msemo wa "kula kwa watu wawili" umewapeleka wengi kwenye kisukari cha mimba, na kujinyima ili usinenepe kunamwumiza mtoto.

Presha inahitaji mashine ya kufunga mkononi, juu ya kiwiko. Programu zinazodai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera, usiziamini kwa mimba yako. Huna haja ya kununua mashine: wahudumu wa afya ya jamii, ambao mtaani tunawaita CHP, walipewa mikoba ya vifaa serikali ilipozindua mpango wao Septemba 2023, na mashine ya presha ni mojawapo. Jua jina la CHP wa mtaa wenu na uhifadhi namba yake. Kabla ya kupimwa kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu isipishane, mkono uwe usawa wa moyo, na usiongee. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, nenda kliniki siku hiyohiyo hata kama hujisikii mgonjwa. Ikifika 160 kwa 110, ni hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 7: Mtoto anapocheza

Mimba ya kwanza wengi husikia mtoto akicheza kati ya wiki ya 18 na 20, mimba zinazofuata mapema zaidi. Kuanzia wiki ya 28 jifunze mtindo wa mtoto wako. Wangu wa pili alikuwa akianza saa tatu usiku, nikishameza kile kidonge, na nilikuwa nikiandika neno moja tu kwenye simu: "Ameamka." Usiku mmoja sikuandika kitu. Nililala kwa ubavu wa kushoto, nikanywa maji, nikangoja. Kimya. Nikamwamsha mume wangu tukaondoka. Walinisikiliza, mtoto alikuwa salama, na mkunga wa zamu akaniambia nimefanya vizuri kuja, nirudi tena wakati wowote. Usingoje asubuhi, na usinunue kile kifaa cha kusikiliza moyo wa mtoto nyumbani ukitegemea kikutulize. Mtu asiye na mafunzo anaweza kusikia mapigo yake mwenyewe akadhani ni ya mtoto.

Tangu wiki ya 28 pia, jizoeze kulala kwa ubavu. Ukizinduka umelala chali, geuka tu.

Hatua ya 8: Tafuta mtu wa kukuuliza "Mambo?"

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji programu. Kuna utafiti uliofanywa katika kliniki za Nairobi na Kajiado, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Watu waliokuwa wakianza dawa za Ukimwi walitumiwa ujumbe mmoja kila wiki: "Mambo?" Wajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Waliotumiwa ujumbe huo walimeza dawa zao vizuri zaidi kuliko wasiotumiwa. Neno moja la mtaani, na mtu halisi upande wa pili.

Fanya vivyo hivyo. Chagua watu wawili: mume, dada, mama mkwe, jirani. Kila Jumatatu jioni mmoja wao akutumie "Mambo?" na wewe ujibu kwa neno moja. Mkubaliane mapema: ukijibu "Shida" atapiga simu mara moja, ukinyamaza hadi Jumanne jioni atakuja mlangoni. Mume akiwa kazini mbali, hii inamweka ndani ya mimba kuliko kumtumia picha za nguo za mtoto.

"Shida" si ya mwili peke yake. Ukiamka na huzuni kila siku kwa wiki mbili, hulali, hutaki kula, au unaogopa kurudi nyumbani kwako, sema. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bure kwa 1199, na anayepigwa au kutishiwa nyumbani apige 1195, nayo ni bure. Ikiwa mtu anaishika simu yako bila ruhusa, futa namba hizo kwenye orodha ya simu zilizopigwa.

Hatua ya 9: Andaa simu kwa siku ya hatari

Fanya haya ukifika wiki ya 30, usiyaache.

Andika kwenye kioo cha mbele, pale panapoonekana bila nywila: jina lako, "Mjamzito", kundi la damu, na namba mbili za kupigiwa. Hifadhi namba ya dereva wa teksi anayeishi karibu, ukiwa umeshaongea naye kuhusu bei na kuhusu saa nane usiku. Boda boda usiitegemee ukiwa na uchungu. Weka pesa za hospitali mahali ambapo hutazigusa, kwenye akaunti ya kuweka akiba ndani ya M-Pesa, si pamoja na za unga na stima. Jioni simu ichajiwe kabla ya kulala, kwa sababu stima za kwetu hazitoi taarifa. Namba za dharura za nchi ni 999 na 112.

Na dalili hizi zikitokea, simu ni ya kupigia tu, haina kazi nyingine: damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali ya tumbo, homa, maji kutoka, degedege, mtoto kupunguza kucheza. Usiandike swali kwenye kundi. Ondoka.

Baada ya hapo

Ukijifungua salama, badilisha tarehe kwenye huduma uliyojiunga nayo, ujumbe uanze kuhusu mtoto na kuhusu wewe. Weka alamu za chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, na kliniki yako mwenyewe ya wiki ya sita, ambayo akina mama wengi huisahau kwa sababu kila mtu anamtazama mtoto.

Kuna jambo moja ambalo miongozo mingi hairuhusu kutajwa. Mimba nyingine hazifiki. Jirani yangu alimpoteza mtoto mwezi wa tano wa mimba, na wiki tatu baadaye, akiwa kwenye foleni ya maji, simu ikalia: "Hongera, mtoto wako sasa ana ukubwa wa embe." Alinipa simu, akaenda kuketi kwenye ngazi. Ikitokea kwako, au kwa mtu wako, mpe simu yule mnayetumiana "Mambo?" afanye kazi hii kwa niaba yako: ajibu huduma ya ujumbe kwamba mimba imepotea na waache kutuma, aingie kwenye programu achague kufuta mimba na akaunti, siyo kuiondoa programu tu, maana barua pepe zitaendelea kuja. Azime alamu moja baada ya nyingine, pamoja na ile ya saa tatu usiku, aiulize kliniki kwanza kama vidonge vya damu viendelee. Picha asizifute mpaka wewe mwenyewe useme. Ile ya "Mambo?" iendelee kila Jumatatu.